Bibi, kiti mwendo na Ziwa Itasca: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwezi wa saba, familia moja ya Kitanzania inayoishi kwenye kitongoji cha Saint Paul, jimbo la Minnesota, ilifunga safari kwenda Ziwa Itasca, kaskazini, unapoanzia mto Mississippi. Ni mwendo wa gari wa saa nne hivi ukiacha mji asubuhi. Ndani ya gari walikuwa mama mwenye nyumba, ambaye ni muuguzi, mumewe, watoto watatu, na bibi wa miaka 76 aliyekuja kutoka Iringa kwa viza ya matembezi. Mtu wa Iringa kuonekana Saint Paul si jambo la ajabu. Sinodi ya Kilutheri ya huko na Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wameshirikiana tangu miaka ya 1980 chini ya jina la Bega kwa Bega, na Jumapili kanisani hukosi kusikia "kamwene", salamu ya Kihehe, ikijibiwa.

Bibi huyu magoti yamesagika. Nyumbani anatembea na fimbo hadi kwa jirani, anakaa, anarudi. Kwa safari ile binti yake aliazima kiti mwendo chepesi kinachokunjwa. Kabla ya kuondoka alifanya kile ambacho yeyote angefanya: alitazama ramani ya hifadhi, akaona njia iliyowekwa lami inayopita msituni kando ya ziwa, akauliza watu wawili waliowahi kwenda. Wote walimjibu kwamba ni njia rahisi, hata watoto wanapita na baiskeli. Akaridhika.

Walikwama kabla ya nusu saa. Nilisimuliwa mara ya kwanza na mkwe, aliyekuwa anasukuma, halafu na bibi mwenyewe, na masimulizi yao yanalingana kwa kila kitu isipokuwa nani alipendekeza kurudi. Nimeomba ruhusa ya kukiandika kisa hiki bila majina kwa sababu naona makosa yaliyofanyika si ya uzembe. Binti aliuliza, na aliowauliza walisema kweli. Tatizo ni kwamba swali lenyewe, "njia ni rahisi?", halina jibu mpaka ujue ni kwa nani na kwa chombo gani.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo iliyowashinda. Eneo la Itasca limeundwa na barafu. Mito mikubwa ya barafu iliyoifunika kaskazini ya Marekani ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha marundo ya mchanga, kokoto na mawe, na katikati yake mashimo ambayo yalijaa maji. Ndiyo sababu hifadhi moja ina maziwa zaidi ya 100, na ndiyo sababu nchi kavu iliyo kati ya ziwa na ziwa haikai sawa. Kilima kinapanda, kinashuka, kinapanda tena. Hakuna mlima wowote wa kutisha. Mtu wa Iringa akitazama kutoka mbali ataona nchi tambarare yenye misonobari. Lakini kinachomchosha anayesukuma kiti mwendo ni ule mwinuko mfupi ulio mbele ya gurudumu sasa hivi, hata kama kilima chote ni kidogo.

Njia ya lami waliyoichagua ni ya baiskeli. Inatoka upande wa Douglas Lodge, jengo la wageni la magogo lililojengwa 1905, inakwenda hadi kwenye chanzo cha mto, takriban kilomita 10, ikifuata umbo la vilima hivyo. Kwa mwendesha baiskeli kupanda na kushuka ndiyo raha yenyewe: kasi ya mteremko mmoja inakusaidia kuanza mwinuko unaofuata. Kiti mwendo hakina kasi ya kuazima. Kila mwinuko unaanza nao kutoka sifuri, na kila mteremko unakishikilia kwa mikono ili kisikukimbie.

Hebu tupige hesabu kidogo. Bibi na kiti pamoja ni kama kilo 80. Kwenye njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 20 mbele, yaani asilimia 5, anayesukuma anabeba nguvu ya kama kilo 4 ili kiti kisirudi nyuma, mbali na msuguano wa magurudumu. Hiyo mtu anaimudu akiwa anaongea. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa 12, zaidi kidogo ya asilimia 8, nguvu inapanda hadi kilo 6 na nusu. Kwenye asilimia 12 ni karibu kilo 10, na hiyo haibebwi kwa mikono miwili iliyotulia. Unaisukuma ukiwa umeinama, miguu inateleza nyuma, pumzi inakata. Mkwe ni mtu wa mazoezi. Alipanda mwinuko wa kwanza vizuri, wa pili akabadilishana na mkewe, wa tatu wakasukuma wawili huku mtoto mkubwa akienda mbele kuangalia baiskeli zinazoshuka. Hapo ndipo bibi aliposema maneno ambayo familia inayarudia mpaka leo: "Hii si njia, huu ni mlima mmeupaka lami."

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Kile kiti cha kuazima ni cha aina yenye magurudumu manne madogo, kinachotengenezwa kwa ajili ya kumtoa mgonjwa kwenye gari hadi mlango wa hospitali. Breki zake zilikuwa za kuegeshea tu: unazikandamiza kiti kikiwa kimesimama. Hakikuwa na breki ya mkono ya kupunguza mwendo. Aliyekaa hawezi kujisaidia pia, maana hakuna gurudumu kubwa la nyuma la kushika. Mkwe aliishia kugeuka na kushuka kinyumenyume, mgongo ukitangulia, kiti kikimlalia kifuani, jambo ambalo ndilo sahihi kufanya kwenye mteremko mkali, ingawa yeye alilifanya kwa woga tu.

Kitu kingine kidogo ambacho hakuna aliyewatahadharisha ni mwinamo wa pembeni. Njia nyingi hujengwa zikiinama kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yatiririke. Ukitembea kwa miguu hulioni hilo kabisa. Kwenye kiti mwendo, magurudumu ya mbele yanayozunguka huru yanafuata mwinamo, na kiti kinajivuta upande wa bondeni muda wote. Mkwe alikuwa anavuta kwa mkono wa kushoto na kusukuma kwa wa kulia, na kesho yake kiwiko ndicho kilichouma, wala si miguu. Mtu akikuambia kwamba amesukuma kiti njia nzima na uchovu uko upande mmoja wa mwili, jua njia ile ilikuwa imeinama.

Halafu kuna suala la maji na choo, na hili ndilo nililopata kwa bibi, maana binti hakulijua. Bibi anatumia dawa za presha, zile zinazomfanya mtu akojoe mara kwa mara. Alipoona wanaingia msituni bila kuona jengo lolote, hakunywa maji. Chupa aliyopewa aliishika tu mapajani. Mwezi wa saba kule joto hupanda, na mzee aliyenyimwa maji, hata kama amejinyima mwenyewe, anaweza kupata kizunguzungu upesi. Alinyamaza kwa heshima. Angewezaje kumwambia mkwe wake, mbele ya wajukuu, kwamba anahofia choo? Nawasihi wanaopeleka wazazi matembezini waulize hili wao kwanza, tena mwanamke amuulize mwanamke, kabla gari halijawashwa. Na njia isiyo na choo mwanzoni na mahali pa kukaa kila baada ya hatua chache, mimi siiiti rahisi kwa mzee hata kama ni tambarare kama meza.

Sasa, je, kulikuwa na namna ya kujua haya yote mapema? Ilikuwepo. Marekani ina vipimo. Mwaka 2013 chombo cha serikali kuu kinachoitwa Access Board kilitoa kanuni za njia za miguu kwenye ardhi ya serikali kuu, na ukizisoma unaona ziliandikwa na watu wanaojua kusukuma kiti. Njia iwe na upana wa sentimita 91 angalau. Mwinuko wa hadi asilimia 5 unaruhusiwa urefu wowote. Ukizidi hapo hadi mita 1 kwa 12, usiendelee zaidi ya mita 61 bila mahali pa kupumzika. Ukifika asilimia 10, mwisho mita 9. Asilimia 12, mita 3 tu. Kwenye udongo au changarawe, jiwe au mzizi usizidi sentimita 5 kwenda juu. Kwenye mbao na lami, usizidi milimita 13. Na sehemu nyembamba ziwe na mahali pa kupishana kila baada ya mita 300 hivi.

Itasca ni hifadhi ya jimbo, kwa hiyo kanuni hizo za ardhi ya serikali kuu haziibani moja kwa moja. Lakini zina kipengele kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa hiki: kibao kipya cha mwanzo wa njia ya aina hiyo kinatakiwa kitaje urefu wa njia, aina ya uso wake, upana wa kawaida na ulio mdogo kabisa, mwinuko wa kawaida na ulio mkali kabisa, na mwinamo wa pembeni vivyo hivyo. Hakitakiwi kutamka kama njia ni rahisi au ngumu. Kinataja namba, na mwenye kiti, mwenye fimbo, mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja anajipimia. Binti wa bibi angekuta namba moja tu, ule mwinuko mkali kabisa, angegeuza gari. Badala yake alipata neno "rahisi" kutoka kwa watu wenye magoti mazima.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwisho wa ile njia ya lami, kule walikokuwa wanaelekea, kuna mahali pazuri kwa mtu kama bibi, na gari linafika karibu kabisa. Kutoka kwenye kituo cha wageni chenye jina la Mary Gibbs, chenye maegesho na vyoo, kuna njia fupi ya takriban mita 250 hadi kwenye chanzo cha Mississippi, na imetengenezwa kwa ajili ya viti mwendo pia. Unafika mahali ziwa linapomwagikia kwenye mto kupitia safu ya mawe. Maji ni ya kufika magotini, na watu wazima wanavua viatu kama watoto na kuvuka mto wote kwa hatua chache. Mto huohuo ukiufuata unafika Ghuba ya Meksiko, safari ya kilomita 3,700 na zaidi, na tone la maji inasemekana hutumia kama siku 90 kulifikia bahari.

Usidhani mahali pale palizaliwa hivyo. Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, alipompeleka mpelelezi Mmarekani Henry Schoolcraft pale mwaka 1832, mto ulitoka ziwani kupitia kinamasi. Hifadhi ilianzishwa 1891, na mwaka 1903 Mary Gibbs, msichana wa miaka 24 aliyekuwa anaisimamia baada ya baba yake kufariki, alisimama kidete mbele ya wakata magogo waliokuwa wameziba maji na kupandisha ziwa, mpaka miti ya ukingoni ikawa inazama. Kisha katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kinamasi kilikaushwa, mfereji mpya ukachimbwa, na kizuizi cha maji kikajengwa kikafunikwa kwa mawe, ili wageni waone kijito safi na waweze kukivuka. Yale mawe ambayo kila mtu anapigia picha kama kazi ya maumbile yamepangwa na mafundi.

Nalisema hili kwa sababu kuna hoja ambayo huwa naisikia kila inapozungumzwa njia ya viti mwendo msituni: kwamba unaharibu uasilia. Wanaosema hivyo wengi wao wamesimama juu ya yale mawe wakitabasamu. Pale Itasca ardhi ilishabadilishwa ili watu wenye miguu mizima wafike bila kuzama kwenye tope, na hakuna aliyelalamika kwamba mto umepoteza heshima yake. Kuongeza mita chache za changarawe iliyoshindiliwa kwa ajili ya bibi ni mwendelezo wa kazi ileile. Hoja ya kweli ni ya gharama na ya wapi pa kuanzia, na hiyo tunaweza kujadiliana.

Familia ilirudi mwezi wa tisa. Mbu wamepungua, shule zimefunguliwa kwa hiyo hakuna msongamano siku ya kazi, na miti ya maple imeanza kuwa myekundu. Kupe bado wapo, kwa hiyo soksi ndefu na ukaguzi wa miguu jioni havikwepeki. Ugonjwa wa Lyme wanaoueneza si wa kuchezewa. Safari hii tuliketi kwanza, mimi na binti, na tukabadilisha mambo ambayo yako mikononi mwetu. Kiti kilikuwa cha kwanza. Alipata chenye magurudumu makubwa ya nyuma, na matairi ya upepo badala ya mpira mgumu. Gurudumu dogo la mbele ndilo linalozama kwenye changarawe na kunasa kwenye nafasi kati ya mbao za daraja, na hapo aliyekaa anaweza kutupwa mbele. Dawa yake ni rahisi ukishafundishwa: unakanyaga chuma cha nyuma, unainua mbele kidogo, unavuka kwa magurudumu makubwa, unashusha. Mjukuu wa miaka 14 alijifunza nyuma ya nyumba, kwenye kizingiti cha gereji, bibi akiwa amekaa na kutoa maoni.

Siku yenyewe walianza moja kwa moja kwa Mary Gibbs. Choo kwanza, maji baadaye, na bibi alikunywa. Njia ya kwenda kwenye chanzo waliipita taratibu. Sehemu ya mwisho bibi alishuka, akashika fimbo na mkono wa mjukuu. Mawe ya kuvukia hatukumruhusu. Yanateleza kwa ukungu wa kijani, na vijana wenyewe huanguka pale kila siku ya kiangazi. Kwa mtu mwenye magoti yale, kuvunjika nyonga ugenini, bima ya msafiri ikiwa na mipaka yake, ni hesabu mbaya mno. Badala yake walitafuta ukingo wenye mchanga kando ya mawe, akatia miguu mtoni kidogo akiwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa breki, watu wawili wakikishika. Alisema maji ni ya baridi kuliko Mto Ruaha Mdogo, na mto wenyewe ni mdogo kuliko alivyoahidiwa.

Baada ya chakula waliendesha gari hadi Preacher's Grove, kichaka cha misonobari myekundu yenye umri wa zaidi ya miaka 250, kilicho karibu kabisa na barabara. Hapo hapahitaji njia yoyote. Unafungua mlango wa gari na shina liko mbele yako. Nashangaa kwamba watu wengi hawaihesabu hiyo kuwa matembezi. Bibi aliihesabu. Mume wa marehemu dada yake alikuwa fundi wa mbao Mafinga, kwa hiyo alikaa pale muda mrefu kuliko mtoni, akikadiria kila mti ungetoa mbao ngapi, mpaka wajukuu wakamkumbusha kwamba hapa hairuhusiwi kukata.

Tulizingatia pia njia nyingine mbili ambazo hatukuzitumia. Kule Waskish, kaskazini zaidi karibu na Ziwa Upper Red, kuna njia ya kupita juu ya kinamasi ya urefu wa maili moja, tambarare kabisa kwa kuwa kinamasi chenyewe ni tambarare. Lakini ni maili moja kwenda na moja kurudi bila kivuli cha maana, na bibi hapendi jua la utosini. Kwenye hifadhi ya Ziwa Bemidji, si mbali na Itasca, idara ya maliasili ya Minnesota ina viti vya umeme vyenye minyororo badala ya magurudumu, kama trekta dogo, vinavyopanda mizizi na mchanga, na kuvitumia ni bure ukiweka nafasi mapema. Mpango huo ulianza 2022 kwenye hifadhi chache na umepanuliwa. Mkwe aliona ndilo jibu la kila kitu. Bibi alioneshwa picha kwenye simu, akaitazama vizuri, akairudisha. "Trekta la kulimia pandeni ninyi. Mimi nimekuja kutembea."

Mkwe hajakata tamaa. Bibi amebakiza wiki chache kabla ya kurudi Iringa, na nafasi ya kiti kile ameshaiweka, kwa jina lake mwenyewe.